Nani Anaua Mwamba, Joto au Plastiki?

Mwanzoni mwa mwaka 2024 matumbawe ya Kenya na Tanzania yalianza kupauka. Maji yalikuwa na joto lisilo la kawaida hata kwa msimu wa kaskazi, na mwezi Aprili mamlaka ya bahari na anga ya Marekani, NOAA, ilitangaza kuwa dunia imeingia katika wimbi la nne la upaukaji linalogusa bahari zote. Habari hiyo iliwakuta watu wa mwambao wakiwa wamekwisha kuzoea mabango ya aina nyingine: kasa aliyenaswa kwenye nailoni, chupa zilizorundikana mchangani, na maandishi makubwa kwamba plastiki inaua bahari. Wengi wakaunganisha mambo mawili yasiyo na undugu wa karibu. Matumbawe yamekuwa meupe, ufukwe umejaa chupa, basi chupa ndizo zilizoyapausha.

Upande wa pili wako waliosoma habari za tabianchi na kuhitimisha kwamba kuokota chupa ni kupoteza muda, kwa kuwa joto litamaliza kila kitu. Katikati ya hao inazunguka kauli isemayo kufikia mwaka 2050 baharini kutakuwa na plastiki nyingi kuliko samaki. Kauli hiyo ilitoka katika ripoti ya mwaka 2016 ya taasisi ya Ellen MacArthur, na inalinganisha uzito wa plastiki na uzito wa samaki. Uzito wa samaki wote wa baharini ni makisio yanayotofautiana mno, na hesabu ya plastiki ya 2050 imepatikana kwa kuurefusha mwelekeo wa leo. Ni kauli nzuri kwa bango, lakini haimsaidii diwani anayetakiwa kuamua fedha kidogo alizonazo ziende wapi.

Na hapo ndipo mkanganyiko unapogharimu. Sheria, misaada na nguvu za vijana wanaojitolea hufuata kile ambacho umma unaamini ndicho tatizo. Umma ukikosea mshukiwa, mwamba hautapona hata kama kazi imefanyika kwa moyo.

Mnyama anayejenga jiwe

Tumbawe ni mnyama. Hasa ni maelfu ya wanyama wadogo, polipi, walioshikamana na kujijengea makazi ya chokaa. Ndani ya nyama ya kila polipi wanaishi mwani wa seli moja wanaotengeneza sukari kwa nuru ya jua, na sukari hiyo inaweza kumpatia mwenyeji hadi asilimia 90 ya nguvu anazohitaji. Matumbawe ya matawi yanaweza kurefuka sentimita 10 au zaidi kwa mwaka. Yale makubwa ya mviringo huongezeka kama sentimita moja tu. Kichwa cha tumbawe chenye kimo cha mtu kinaweza kuwa kilianza kukua kabla ya reli ya Uganda kujengwa.

Miamba hii haifikii asilimia moja ya sakafu ya bahari duniani, ila takriban robo ya viumbe wa baharini wanaojulikana huitegemea katika kipindi fulani cha maisha yao. Kwetu inaandamana na pwani tangu Kiunga hadi Mtwara, ikikatika penye midomo ya mito mikubwa kama Tana, Sabaki na Rufiji, ambako maji baridi na tope havimruhusu polipi kuishi. Pono hukwangua majani kwenye jiwe na kutoa mchanga. Tasi hulisha kwenye nyasi za bahari na kurudi mwambani, chewa hujificha mapangoni, pweza na kamba kochi hukaa mashimoni, na ng'amba huja kutafuta sponji. Mawimbi yakivunjika nje ya mwamba, ndani hubaki maji tulivu ya ngalawa na mashamba ya mwani. Kisiwa cha Chumbe, karibu na Unguja, kina mwamba mdogo uliofungwa kwa wavuvi tangu miaka ya 1990, na humo zimehesabiwa zaidi ya aina 400 za samaki.

Joto linapopanda nyuzi moja tu juu ya kiwango cha kawaida cha mwezi wenye joto zaidi, na likadumu wiki kadhaa, ule uhusiano wa polipi na mwani wake huvunjika. Mwani hufukuzwa, rangi huondoka, na chokaa nyeupe huonekana kupitia nyama iliyobaki bila rangi. Tumbawe lililopauka bado halijafa, lina njaa. Bahari ikipoa mapema linaweza kuwarudisha wapangaji wake. Isipopoa, linakufa, na majani huota juu ya mifupa yake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa mwaka 1998, pale ambapo baadhi ya miamba ya Kenya na Tanzania ilipoteza zaidi ya nusu ya matumbawe hai. Hakuna mfuko wa plastiki unaoweza kusababisha kitu cha ukubwa huo kwa mwambao mzima ndani ya msimu mmoja. Mfuko unaweza kulifunika tawi moja na kulinyima nuru hadi liwe jeupe, lakini upaukaji wa bahari nzima ni kazi ya joto.

Plastiki inavyofika mwambani

Njia ya kwanza inaanzia mjini. Mvua za masika zikinyesha Dar es Salaam, Mto Msimbazi unabeba kila kilichotupwa kwenye mitaro ya mitaa isiyofikiwa na gari la taka, na kukimwaga baharini karibu na daraja la Selander. Visiwa vya Mbudya na Bongoyo, ambavyo kisheria ni maeneo tengefu ya bahari, viko mbele ya jiji hilo hilo. Mombasa, dampo la Kibarani lilikaa kando ya mkono wa bahari kwa miongo mingi kabla ya kufungwa. Hapa mhusika anajulikana, na suluhisho lake si fumbo: gari la taka lipite.

Njia ya pili inatoka mbali. Mkondo mkubwa wa ikweta wa kusini huvuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, na sehemu yake hugeukia kaskazini kupita pwani zetu. Mtafiti Peter Ryan wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika utafiti wa chupa kwenye fukwe za Kenya uliochapishwa mwaka 2020, alionyesha tofauti inayofundisha: fukwe za karibu na miji zilijaa chupa za humu humu, ilhali fukwe za mbali na watu zilikuwa na chupa nyingi za nchi za nje, zikiwamo za Indonesia na nyingine ambazo dalili zake zinaashiria zilitupwa kutoka melini.

Njia ya tatu ndiyo isiyosemwa sana, na ndiyo inayonishughulisha zaidi katika uchambuzi huu. Ni wavuvi wenyewe, wa ngalawa na wa meli kubwa. Mfano ulio wazi ni Aldabra, kisiwa cha Ushelisheli kisicho na wakazi wa kudumu isipokuwa wahifadhi, chenye hadhi ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2019 timu iliyokaa huko wiki tano iliondoa tani 25 za taka. Wanasayansi waliokadiria kilichobaki walipata tani zipatazo 500, na asilimia 83 ya uzito huo ilikuwa vifaa vya uvuvi. Kandambili zilikuwa asilimia 7. Kumaliza kazi kungehitaji kama dola milioni 4.68 na saa 18,000 za kazi, kwa kisiwa kimoja ambacho hakuna mtu wake aliyetupa chochote.

Kisha mwaka 2023 jarida la Nature likachapisha utafiti ulioongozwa na Hudson Pinheiro, uliopima taka katika miamba 84 ya nchi 14. Taka zilipatikana karibu kila mahali, hata kwenye miamba ya Pasifiki isiyo na watu. Zilikuwa nyingi zaidi kwenye kina cha mita 30 hadi 150 kuliko kwenye maji mafupi ambayo watalii hupiga mbizi. Sehemu kubwa ilikuwa plastiki za zaidi ya sentimita 5, na chanzo kikuu katika maeneo mengi kilikuwa uvuvi: kamba, nyavu na mishipi. Visiwa vya Komoro, majirani zetu tunaozungumza nao lugha inayofanana, viliongoza kwa zaidi ya vipande 84,000 kwa kilomita moja ya mraba. Taka pia zilizidi karibu na hifadhi za bahari. Sababu inaeleweka: hifadhi hunenepesha samaki, samaki huvuka mpaka, na wavuvi hutega mpakani.

Wanaosema plastiki ndiyo muuaji

Hoja yao yenye uzito zaidi ilitolewa mwaka 2018 na Joleah Lamb na wenzake katika jarida la Science. Walikagua matumbawe zaidi ya 124,000 kwenye miamba 159 ya Indonesia, Thailand, Myanmar na Australia. Tumbawe lisilogusana na plastiki lilikuwa na uwezekano wa asilimia 4 kuwa na ugonjwa. Lililogusana nayo, asilimia 89. Matumbawe yenye matawi na mapango mengi, yale ambayo samaki wadogo hujificha, yalinasa plastiki mara nane zaidi ya yaliyo laini. Maelezo yao yana mantiki: plastiki huchuna nyama ya tumbawe na kufungua kidonda, huzuia nuru na hewa, na huenda hubeba vijidudu.

Kwa wanyama wengine ushahidi hauhitaji hata takwimu. Wavu uliopotea unaendelea kuvua bila mwenyewe. Samaki aliyenaswa humvuta mla samaki, naye hunasa. Kasa anayehitaji kupanda juu kuvuta pumzi huzama. Kwa kasa wanaomeza plastiki, watafiti wa Australia walikadiria mwaka 2018 kwamba vipande 14 tumboni vinampa kasa uwezekano wa asilimia 50 wa kufa. Kasa anayewinda konyeza hana njia ya kumtofautisha na mfuko unaoelea.

Udhaifu upo pia. Utafiti wa Lamb ni wa kuona mwambani, na mahali plastiki inapotua mara nyingi ndipo maji machafu ya mji yanapotua vilevile. Watafiti walijitahidi kutenganisha mambo hayo, ila kazi ya namna hiyo haiwezi kufunga mjadala peke yake. Tena magonjwa ya matumbawe yamekuwa balaa kubwa zaidi Karibiani kuliko upande huu wa Bahari ya Hindi. Kuhamisha asilimia 89 kutoka Indonesia hadi Watamu bila kupima ni haraka isiyo na baraka.

Udhaifu mkubwa zaidi uko kwenye chembe ndogo za plastiki, ambazo siku hizi zinapewa vichwa vya habari kuliko nyavu. Ni kweli polipi huzimeza. Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke walionyesha kwamba matumbawe hula vipande vya plastiki kana kwamba kemikali zake zinavutia, huku yakikataa mchanga. Lakini katika jaribio hilo hilo sehemu kubwa ya vipande ilitemwa ndani ya saa chache. Kama asilimia 8 tu ilibaki tumboni siku nzima au zaidi. Majaribio mengi yanayoonyesha madhara hutumia wingi wa chembe ambao haujawahi kuonekana kwenye mwamba halisi. Kuna sababu ya kuwa na wasiwasi juu ya wanyama wanaochuja maji kwa wingi, kama papa potwe wanaokuja Mafia kuanzia Oktoba. Lakini wasiwasi haujawa ushahidi, na anayezilaumu chembe kwa kila tumbawe lililokufa anawarahisishia kazi wanaotaka kulipuuza suala zima.

Wanaosema plastiki ni kelele

Mwaka 2019 Rick Stafford na Peter Jones waliandika katika jarida la Marine Policy kwamba plastiki ya baharini ni ukweli unaopendeza lakini unaopotosha mawazo. Hoja yao: serikali na makampuni yanapenda kampeni za plastiki kwa sababu zinaonekana kwa macho, hazigharimu sana, na zinamwacha kila mtu akijiona amefanya jambo, huku uvuvi wa kupita kiasi na tabianchi vikiendelea bila kuguswa.

Ni vigumu kuukana msingi wa hoja hiyo. Jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, lilisema mwaka 2018 kwamba ongezeko la nyuzi 1.5 litafuta asilimia 70 hadi 90 ya matumbawe ya dunia, na la nyuzi 2 litafuta zaidi ya asilimia 99. Hakuna utafiti wa plastiki unaokaribia kiwango hicho cha uharibifu. Na mwishoni mwa 2021, timu ya David Obura wa taasisi ya CORDIO yenye makao Mombasa ilipima miamba ya magharibi mwa Bahari ya Hindi kwa vigezo vya hatari ya kuporomoka. Yote ilionekana kuwa hatarini ndani ya miaka 50. Kwa visiwa sababu kuu ilikuwa joto lijalo. Kwa pwani ya bara, yaani sisi, uvuvi wa kupita kiasi uliongezwa juu ya joto.

Hata hivyo hoja hii ina matundu mawili. Kwanza, inadhani kwamba watu wana akiba moja ya kujali, ukiitumia hapa imekwisha kule. Wanasayansi waliojibu makala hiyo mwaka uleule walipinga dhana hiyo, na uzoefu wa pwani unawaunga mkono: vikundi vilivyoanza kwa kuokota taka vimekuwa mara nyingi ndivyo vinavyolinda pia matengefu ya samaki.

Tundu la pili ni la ndani zaidi. Joto humpiga tumbawe mara moja katika miaka kadhaa. Kinachoamua kama mwamba utarudi ni hali yake kati ya pigo na pigo. Baada ya 1998 baadhi ya miamba yetu ilirudi vizuri na mingine ikageuka uwanja wa majani. Mwamba wenye pono na tasi wa kutosha hukwanguliwa majani, na vitoto vya matumbawe hupata jiwe safi la kutua. Sasa weka wavu juu ya mwamba huo. Unavunja matawi yaliyopona, unaua wale wale samaki wanaokwangua, na unakwaruza chipukizi kila maji yanapopwa na kujaa. Plastiki haianzishi janga, ila inaweza kuzuia uponaji. Anayesema ni kelele tu hajahesabu gharama hiyo.

Kuna pia jambo ambalo pande zote mbili hulisahau: plastiki na joto vinatoka kwenye pipa moja la mafuta. Kwa hesabu za shirika la OECD, utengenezaji na matumizi ya plastiki mwaka 2019 yalitoa kama asilimia 3.4 ya gesijoto zote duniani. Si kiini cha tatizo la joto, lakini si kidogo.

Sheria za mifuko na wavu usio na mwenyewe

Afrika Mashariki inasifiwa duniani kwa sheria za plastiki, na sifa hiyo ni halali. Rwanda ilipiga marufuku mifuko mwaka 2008. Kenya ilifuata Agosti 28, 2017, kwa adhabu inayofikia faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka minne. Tanzania Bara ilifuata Juni 1, 2019. Zanzibar ilikuwa imetangulia miaka mingi. Juni 5, 2020 Kenya iliongeza marufuku ya plastiki za kutumia mara moja katika hifadhi na fukwe zinazolindwa.

Kwa mwamba, sheria hizi zina faida halisi. Plastiki laini ya mifuko ndiyo inayojiviringisha kwenye matawi na kuziba nuru. Biashara ya magendo, na vifungashio vyepesi vilivyogeuzwa mifuko ya kubebea baada ya marufuku, vimepunguza nguvu ya sheria bila kuiua.

Lakini sheria ya mfuko haimgusi mvuvi, na hapa ndipo pengo lilipo. Zamani nyavu zilisukwa kwa pamba, kamba zilikuwa za makumbi, na madema yalifumwa kwa fito na ukindu. Kifaa kilichopotea kilioza. Nailoni ilipoingia katika karne iliyopita ilileta wavu mwepesi, wa bei nafuu, usiooza na unaovua zaidi. Hakuna mvuvi mwenye akili angeukataa. Zanzibar, wakulima wa mwani nao walifunga miche yao kwa vikamba vya plastiki ambavyo bahari ikichafuka hukatika na kwenda zake.

Wavu unapokwama mwambani unakuwa mali ya nani? Taasisi za mazingira za Kenya na Tanzania, NEMA na NEMC, zinashughulika na taka na mifuko. Idara za uvuvi zinapima ukubwa wa matundu na kukamata juya. Mamlaka za hifadhi zinalinda mipaka ya hifadhi. Wavu uliokwama nje ya hifadhi, wenye matundu halali, si kosa la mtu yeyote. Na wavu haramu ni tatizo gumu zaidi. Nyavu za uzi mmoja wa nailoni zimekatazwa Kenya na Tanzania kwa sababu nzuri, lakini zinauzwa kwa kuwa ni rahisi, na mvuvi aliyepoteza wavu haramu hawezi kwenda kuripoti kwamba ameupoteza. Angejishtaki mwenyewe. Marufuku iliyokusudiwa kulinda mwamba imeficha mahali hasa wavu ulipo.

Njia za kurekebisha zipo, na kila moja ina bei yake. Mwaka 2018 shirika la FAO lilipitisha miongozo ya hiari ya kutia alama vifaa vya uvuvi ili mwenyewe ajulikane. Kwa meli kubwa za jodari inafaa sana. Kwa maelfu ya vyombo vidogo vya madiko yetu, alama bila msamaha itasomwa kama mtego wa kodi. Nyavu zinazooza zimejaribiwa Norway, na zilivua samaki wachache kuliko za nailoni. Kumtaka mvuvi wa Tumbatu au Vanga apunguze kitoweo chake kwa ajili ya mwamba bila kumfidia ni kumtoza maskini deni la wote. Jambo lililo rahisi zaidi ni mlango wa dema: ukifungwa kwa uzi wa mkonge, dema likipotea uzi unaoza, mlango unafunguka, samaki wanatoka. Tanga ina mkonge wa kutosha.

Kuondoa nyavu nako kunataka ujuzi. Wavu ukivutwa kwa nguvu kutoka juu huvunja matumbawe mengi kuliko ungevunja kwa kukaa. Lazima mzamiaji akate kidogo kidogo, na pale matumbawe yalipokwisha kuota juu ya uzi, huenda ni heri kuuacha.

Kuokota na kurejeleza

Usafi wa fukwe una thamani, lakini huokota kile ambacho bahari imekwisha kukitapika. Kilicho mita 40 chini hakionekani Jumamosi ya usafi. Thamani yake kubwa ni ya elimu, na hapo jahazi la Flipflopi linastahili heshima yake: lilijengwa Lamu kwa taka za plastiki chini ya fundi Ali Skanda, likavishwa kandambili 30,000, na mwanzoni mwa 2019 likasafiri hadi Zanzibar likisimama vijijini njiani.

Urejelezaji una tatizo la soko. Katika plastiki yote iliyotengenezwa hadi mwaka 2015, ni kama asilimia 9 tu ya taka zake iliyorejelezwa. Muokotaji wa Mombasa au Dar es Salaam hufuata bei, na bei iko kwenye chupa safi. Plastiki laini, ile inayoumiza mwamba zaidi ya chupa, haina mnunuzi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2022 ya usimamizi endelevu wa taka inamtaka mtengenezaji abebe sehemu ya gharama baada ya bidhaa kutumika. Ni mwelekeo sahihi, mradi fedha hizo zinunue kisichonunulika, maana chupa tayari ina mteja.

Juu ya yote kuna mkataba wa dunia. Uamuzi wa kuuandika ulipitishwa Nairobi Machi 2022, lakini mazungumzo ya Busan mwishoni mwa 2024 na ya Geneva Agosti 2025 yote yalimalizika bila makubaliano, kwa sehemu kubwa kwa sababu nchi zinazochimba mafuta hazitaki kikomo cha uzalishaji. Rwanda imesimama na kundi linalotaka kikomo. Kwa nchi kama Kenya, inayopokea chupa za Indonesia kwenye fukwe zake, hakuna sheria ya ndani inayoweza kuchukua nafasi ya mkataba huo.

Kupima

Kwa ukubwa wa madhara, joto linaongoza kwa mbali, uvuvi wa kupita kiasi ni wa pili, na plastiki ni ya tatu. Mpangilio huo naushikilia hata pale unapowaudhi wenye mabango. Ukiuliza swali jingine, yaani ni lipi lililo mikononi mwetu, mpangilio unageuka. Kenya na Tanzania zikizima kila injini kesho, joto la bahari halitabadilika kwa kiasi cha kupimika. Uvuvi na plastiki viko kwenye madiko, mitaro na halmashauri zetu.

Ndani ya plastiki yenyewe, nyavu na mishipi ndivyo vinapaswa kutangulia, kisha plastiki laini ya mijini, kisha chupa. Chembe ndogo zifanyiwe utafiti kwanza, bila kuchukua fedha za hayo mengine. Faida ya kuanza na nyavu ni kwamba kazi hiyo ni kazi ya uvuvi pia. Wavuvi wa Kuruwitu, Kilifi, walifunga sehemu ya bahari yao wenyewe katikati ya miaka ya 2000 na kuiita tengefu. Kikundi chenye mamlaka ya kufunga mwamba kina mamlaka ya kusema nyavu zilizokwama ziko wapi, ikiwa kusema hakutampeleka mtu mahakamani.

Kwa halmashauri yenye bajeti ndogo, hilo lina maana ya kipindi cha msamaha kwa anayeripoti wavu uliopotea, hata kama ni haramu. Lina maana ya mahali pa kupokea nyavu chakavu katika kila diko, zilipwe kwa kilo kiasi ambacho hakimtamanishi mtu kuharibu wavu mzima, na wazamiaji wachache waliofundishwa kukata, walipwe wakati wa kaskazi maji yanapokuwa meupe. Mitaro ya miji isafishwe mwezi Februari, kabla ya masika, badala ya kusubiri Juni. Fedha zitakazobaki zinunue viroba vya Jumamosi ya usafi.